Mtungi wa Tatu

Alhamisi, Shirere, Kakamega. Mvua ya kwetu kwa kawaida hungoja mchana ushuke, lakini leo imeanza kabla hakujapambazuka, na hadi saa hizi, saa nne asubuhi, inamwagika tu. Nimeamka mapema, na si kwa sababu ya mvua. Ni woga.

Saa nane kuna mkutano. Nitawekewa ripoti mbele yangu niitie sahihi. Ripoti hiyo inasema Ekai, mwelekezi wetu, alikosea hesabu ya maji jangwani na nusura atuue. Si kweli. Aliyekosea ni mimi, na nimenyamaza kwa siku kumi na tisa.

Haya, nimeliandika. Ni mara ya kwanza kuyaandika maneno hayo, na hayajanipunguzia chochote.

Kwa anayefika kwenye blogu hii leo, nieleze kidogo. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Mzungu mmoja alipumzika na msafara wake huku Mumias, akanunua nafaka, kisha akaelekea kaskazini na kulikata jangwa la Turkana mpaka ziwani. Aliandika kitabu. Nusu ya kitabu hicho ni kuwalalamikia wapagazi wake waliombebea kila kitu, pamoja na kiti chake. Lakini alikuwa na tabia moja ya maana: kila kisima alichokunywa maji yake alikiandika, kiko wapi, kina chake, hata ladha ya maji. Sisi tulimbandika jina la Bwana Visima.

Mwalimu Shikuku alinifundisha jiografia sekondari. Sasa amestaafu na ndiye mwenyekiti wa chama chetu kidogo cha mazingira hapa mjini. Wazo lilikuwa lake: tuifuate njia ya Bwana Visima kwa miguu, kisima kwa kisima, tuone ni vingapi vimebaki, kisha turudi na picha tuwaonyeshe watu wa Kakamega. Maana huku kwetu mtu akikuambia maji yataisha unamwangalia mara mbili. Tunapanda mikaratusi mpaka mdomoni mwa chemchemi, na chemchemi ikikauka tunalaumu majirani, kisha tunahamia nyingine. Mwalimu alitaka watu wakione kisima kilichokufa.

Tulikwenda wanne. Mwalimu mwenyewe, na miguu yake mibaya. Brayo, mpiga picha wetu, mwanafunzi wa chuo ambaye chumba chake kiko ploti ya tatu kutoka hapa kwangu; kwao ni Lugari, mama yake analima mahindi. Ekai, mwenye ngamia, mtu wa huko huko, makamo, mfupi wa maneno na mwepesi wa kukasirika. Na mimi, mpishi na mtunza maji.

Mtunza maji. Mwalimu alinichagua kwa sababu tangu shuleni nilikuwa mwangalifu.

Ekai alikuwa na utaratibu wake. Asubuhi kila mtu anapata kipimo chake, mchana kipimo, jioni kipimo. Mitungi haiguswi na mtu mwingine ila mimi, ili akiuliza awe na mtu mmoja wa kumuuliza. Kila jioni aliniuliza imebaki mingapi, nami nikamjibu, basi. Hakuja hata siku moja kuitikisa nyuma yangu. Alituambia mapema kwamba kwao, ukimkabidhi mtu maji kisha ukaenda kumhesabia, umemwita mwizi.

Siku ya sita jioni tulipiga kambi karibu na mlima mdogo wa mawe meusi. Tulikuwa tumebakiwa na mitungi mitatu iliyojaa. Ekai alikwenda kuwalisha ngamia kwenye vichaka vya mbali. Mwalimu alikuwa amelala na miguu juu ya begi. Brayo alipanda mlimani kulipiga picha jua likitua. Nilikuwa peke yangu na sufuria ya ugali.

Ndipo wakaja wageni. Bibi mmoja, wanawake watatu, msichana mmoja na punda. Wakakaa chini, wametulia, wakaniangalia.

Sasa nieleze kitu ambacho mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Nimelelewa Mayoni. Kwetu mgeni akikaa, kabla hujamuuliza habari za alikotoka, unamletea maji ya kunawa. Unasimama na jagi mkono mmoja, beseni mkono mwingine, unainama kidogo na kumwaga polepole mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha. Ukikatiza kabla hajasema, umemfukuza. Mama yangu alinichapa kwa ajili hiyo nilipokuwa na miaka saba, siku ambayo shangazi alikuja na nikawa na haraka ya kwenda kucheza.

Kwa hiyo nilijaza jagi nikaenda kwa yule bibi. Akatoa mikono. Nikamimina. Yeye akakinga viganja, akanywa.

Nilicheka. Nilidhani ni utani, au aibu ya uzee. Nikamwonyesha kwa ishara, sugua hivi, nikampa kipande cha sabuni. Nikamimina tena. Na hakusema inatosha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba anapaswa kusema. Maji yalikuwa yanakuja, naye akayapokea. Wanawake wengine nao hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, viganja vimekingwa, macho yameshuka. Mimi nasimama nimeinama, nasubiri neno ambalo halikuwepo. Povu lilianguka mchangani likapotea. Walipoona beseni limejaa walimpa punda, akanywa na sabuni yake.

Walikula. Baada ya kula nikawanawisha tena. Nikaosha sahani kwa maji mapya. Na hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: walipoondoka, mtungi ulikuwa na kidogo kilichobaki chini, nami nikajiambia kidogo hiki hata hakifai kurudishiwa kifuniko. Nikanawa miguu yangu. Vidole vyote kumi, kimoja kimoja. Nilijisikia vizuri sana.

Ekai alirudi giza lilipoanza. Akauliza kwa mbali, akiwa bado anawafunga ngamia.

"Mingapi?"

"Mitatu," nikasema.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi sana tangu siku ile. Natafuta mahali lilipotoka. Sikupanga kudanganya. Niliona haya tu. Nilifikiri: kesho mchana tunafika kwenye kisima, Bwana Visima amesema kina maji matamu, nitajaza mtungi kimyakimya na hakuna atakayejua. Asubuhi niliipakia mitungi mimi mwenyewe na ule mtupu nikauweka chini ya magunia.

Tulifika kisimani saa sita. Hakikuwa kisima tena. Kulikuwa na shimo lenye mchanga, mzunguko wa miiba iliyolala, na visiki. Miti yote iliyokuwa imekizunguka ilikatwa kwa makaa, na upepo ukawa hauna cha kuuzuia. Mwalimu alikaa chini kwenye kisiki kimoja. Brayo akaanza kurekodi, kwa sababu ndicho tulichokuja kutafuta. Ekai alichimba kwa mikono mpaka begani, akanusa mchanga, akasimama.

Alitueleza wazi. Nyuma ni mwendo wa siku moja kwenye maji tuliyokwisha kunywa. Mbele ni siku mbili kwenye maji anayoyajua yeye. Kwa mitungi mitatu tunaweza kwenda mbele. Ikiwa ni pungufu ya hapo, turudi. Kisha akanigeukia, na wote wakanigeukia.

"Nekesa. Ni mitatu?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Ningesema mmoja ni mtupu, tungerudi nyuma, Mwalimu angenigombeza, Brayo angenitania mpaka Krismasi, na ingekuwa imekwisha.

Nikasema ndiyo.

Siku ya pili ya mwendo huo, asubuhi, Ekai mwenyewe aliushika ule mtungi ili kumpunguzia mzigo ngamia aliyeanza kuchechemea. Aliuinua kwa mkono mmoja. Akaniangalia. Akaukaza kamba vizuri usiwe unagonga, akamwendea Mwalimu, nikamsikia akisema, "Maji ni kidogo. Nilikosea hesabu mimi."

Nami nikanyamaza.

Mchana ule Brayo aliacha kutoka jasho. Akaanza kuongea na mama yake kwa Kiluhya, akimwuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa. Tulimfunga juu ya ngamia kwa leso yangu na mshipi wa Mwalimu. Jioni tukafika barabarani, na lori la samaki likasimama. Hospitalini walimtundikia maji siku mbili. Daktari alimwambia Mwalimu kwamba saa chache zaidi tu na tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nilikuwa nimesimama pale, nikatoka nje nikatapika.

Halafu nikarudi nyumbani, nikaandika hapa kwenye blogu jinsi tulivyoponea chupuchupu. Mkaniita shujaa. Mtu mmoja alisema ningetoa kitabu.

Jana nilimpigia mama simu, Mayoni, nikamweleza habari ya wale wageni. Alisikiliza mpaka mwisho, nikisikia kuku wake nyuma. Akasema, "Sasa ulitaka wakule na mikono chafu? Mgeni ananawanga. Hiyo si makosa." Nikapumua. Kisha nikamweleza kuhusu ile mitatu, mara ya kwanza na mara ya pili. Akawafukuza kuku kwanza.

"Hiyo sasa," akasema, "mimi sikukufundisha."

Mnaweza kuuliza kwa nini ripoti ni jambo kubwa namna hii. Wafadhili wa chama wamekubali kufukua visima viwili vya Bwana Visima, kuvizungushia miti, na kumwajiri mtu wa kuvitunza kwa miaka mitatu. Mtu huyo alikuwa awe Ekai. Alishaambiwa, na alishawaambia watu wa kwao. Mwalimu, baada ya yaliyompata Brayo, ameandika kwamba Ekai si mtu wa kuaminiwa na maji na atafutwe mwingine. Vikundi vingine vinavyokwenda kaskazini vitaisoma ripoti hiyo. Mwelekezi wa jangwani akishasemwa hivyo, atabaki kuchunga.

Tunatia sahihi sote watatu wa chama tuliokwenda. Hivyo ndivyo chama kinavyofanya kazi.

Saa tano na nusu. Nimejaribu kula, nimeshindwa. Mvua ndiyo kwanza inaongeza.

*

Saa kumi na mbili jioni. Nimerudi. Nguo zimelowa na sijazivua.

Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujipamba.

Tulikutana kwenye kile chumba chetu cha kukodi juu ya duka la mbegu. Watu wa kamati walikuwa wanne, pamoja na Mwalimu na Brayo. Brayo amekonda, suruali imefungwa mkanda mpaka tundu la mwisho, lakini alikuwa akicheka na alileta njugu. Alinisogezea zile kubwa kubwa. Anajua nazipenda. Nilizitafuna na sikusikia ladha.

Mwalimu alisoma ripoti kwa sauti ya darasani. Mvua juu ya mabati ilikuwa kubwa, kwa hiyo kila alipofika mahali muhimu alilazimika kurudia. Sehemu ya Ekai aliirudia mara tatu. Mara ya tatu alisoma kwa unyonge, na nikaona kwamba yeye mwenyewe haipendi. Alisema hamchukii mtu yule, walikula naye na kulala naye mchangani, lakini alimwona Brayo juu ya ngamia na hawezi kumpa mtu kama huyo kisima.

Watu wakatikisa vichwa. Katibu akasema ni masikitiko. Karatasi ikaanza kuzunguka.

Mwalimu akatia sahihi. Brayo akatia sahihi, haraka, bila kusoma, kisha akanisukumia karatasi na kalamu ya chama iliyofungwa uzi.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikasema. Sikusimama. Niliomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilikaa mle ndani, nikihesabu misumari ya mlango, mpaka mtu akabisha. Nikarudi nikaketi, nikashika kalamu, nikaandika herufi tatu za jina langu. Nek. Wino wa bluu. Nikaona kwamba herufi tatu zijazo zitakuwa rahisi zaidi kuliko hizi, na kwamba nikizimaliza nitaweza kuishi hivyo. Hilo ndilo lililoniogopesha. Kwamba ningeweza kabisa.

"Mwalimu," nikasema, "Ekai hakukosea hesabu. Mtungi wa tatu ulikuwa mtupu. Niliumaliza mimi."

Walidhani hawakunisikia vizuri kwa ajili ya mvua, ikabidi nirudie. Nikasimulia wageni, sabuni, punda, miguu yangu. Mzee mmoja wa kamati alianza kucheka pale kwenye bibi kuyanywa maji ya kunawa, na ninamwelewa, ni jambo la kuchekesha ukiwa Kakamega. Aliacha alipoona hakuna mwingine anayecheka.

Mwalimu alivua miwani. Alisema Ekai mwenyewe alikiri, alikiri mbele yake, kwa kinywa chake. Nikamwambia alinifunika. Akauliza kwa nini, mwelekezi anifunike mimi kwa nini? Nikasema sijui. Na kweli wakati ule sikujua.

Brayo alikuwa bado na njugu mkononi. Hakuwa ameniangalia tangu nilipoanza. Sasa akaniangalia.

"Pale kwa kisima," akasema. "Ekai akikuuliza. Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa nimepanga majibu ya kila kitu isipokuwa hilo. Habari za kunawisha wageni zinasameheka, kila mtu mle chumbani amewahi kunawisha mgeni. Lakini yeye aliuliza lile lenyewe.

"Nilijua."

Alizirudisha njugu kwenye karatasi yake, zote, akakunja karatasi vizuri. Akachukua koti lake. Mwalimu akamwita, mvua kubwa kijana, ngoja ipungue. Hakungoja. Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi mpaka chini.

Baada ya hapo sikumbuki mpangilio. Najua Mwalimu aliichana ile karatasi yenye sahihi zao na herufi zangu tatu. Hakuichana kwa hasira. Aliichana taratibu, akaviweka vipande mfukoni. Akasema ukurasa wa maji nitauandika upya mimi, kwa mkono wangu, na niulete Jumamosi. Akasema safari ya pili sitakwenda. Hilo nalo alilisema bila ukali, na lingekuwa jepesi zaidi kama angefoka. Nikiwa mlangoni akaongeza kwamba amefundisha miaka mingi na hajui aniambie nini.

Ekai ataajiriwa. Hilo ndilo lililopatikana leo, na nataka liandikwe hapa waziwazi kwa wote mliosoma zile sifa za uongo: Ekai hakukosea popote. Aliyesema mitatu ni mimi.

Alhamisi ni siku ya soko kule kwao. Ndiyo siku pekee anayofika penye mtandao, na akifika anawasha simu. Nilisimama kwenye baraza la duka la mbegu, watu wakipita na mifuko ya nailoni vichwani, nikampigia. Simu iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena.

Alipokea bila salamu.

"Umesema?"

"Nimesema. Leo."

"Leo," akasema. Nikasikia mbuzi na watu wakibishana bei. Nikamwomba msamaha. Hakunijibu hilo. Nikamuuliza kwa nini alijitwika kosa langu, na hapo ndipo alipoongea kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea siku zote za safari. Alikuwa amekasirika. Nilizoea hasira zake za njiani, zinazokuja na kupita. Hii ilikuwa imekaa.

Alisema asubuhi ile, alipouinua mtungi, alitaka kunipiga. Kisha akawaangalia wenzetu. "Kama ningesema ni wewe, wale wangekuchukia papo hapo. Watu wako na kiu, wanachukia mtu mmoja, wanasimama, wanaanza kelele. Sisi hatukuwa na maji ya kugombana." Kwa hiyo akachagua wamkasirikie yeye, kwa sababu yeye ndiye anayeijua njia na lazima wamfuate hata wakimchukia. Alisema hakufanya hivyo kwa kunipenda, alitaka tu miguu iendelee kutembea.

"Nikasema tukifika, Nekesa atasema mwenyewe. Tukafika. Kwa lori hukusema. Hospitali hukusema. Nikasema labda akifika kwao. Mimi nakuja soko, nawasha simu. Hii ni Alhamisi ya tatu."

Nililia, naye akangoja nimalize. Kisha akaniambia wale wageni walikuwa watu wa kijiji cha mke wake. Walimsimulia kwamba walikutana na mwanamke peke yake nyikani anayemwaga maji chini huku akicheka. Walimhurumia. Walimwuliza Ekai kama yule mwanamke ana ndugu wa kumtunza.

"Na huyo kijana?" akauliza mwishowe. "Yeye amesema nini?"

Nikamwambia ameniuliza kama nilijua, kisha akaondoka mvuani.

"Umemfuata?"

Nikasema bado. Nikasema nadhani anahitaji muda, nimwache atulie, labda kesho, labda wiki ijayo hasira zikipungua. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa za busara. Ekai alinisikiliza mpaka zikaisha.

"Sisi watatu tulifika," akasema. "Wewe bado." Na akakata simu, au salio liliisha, sijui.

Nilipokuwa narudi nilipita mbele ya ploti ya Brayo. Taa yake ilikuwa inawaka na koti lake limeanikwa kwenye kamba ya varanda, linachuruzika. Nilisimama pale langoni, nikajiambia nimelowa, nikajiambia nikabadilishe nguo kwanza, nikaja hapa nikafungua kompyuta.

Nimeandika haya yote badala ya kubadilisha nguo. Kawaida yangu ningemalizia kwa kusema kwamba kesho kuna siku nyingine, na kwa siku kumi na tisa nimekuwa nikijituliza hivyo kila jioni. Sijui Brayo atafungua mlango au la, na akifungua sijui nitaanza na neno gani. Ni ploti tatu tu kutoka hapa. Naenda sasa hivi, na nguo hizi hizi.